Programu Iliyokula Milia

Kompyuta ya Mama Nyuzi ilikata roho Jumatatu saa nne asubuhi, mashine ya kutarizi ikiwa katikati ya mkupuo wa tatu. Haikuaga. Ilitoa moshi mwembamba kwa nyuma, ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni, kisha kioo kikawa cheusi. Mashine yenyewe, ambayo ilikuwa ikipokea maagizo kutoka kwa kompyuta hiyo kupitia waya mnene kama kamba ya kuanikia nguo, ilisimama sindano zake nne zikiwa hewani, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Mama Nyuzi alikaa akaitazama kwa muda. Kisha akachomoa waya wa umeme, akachomeka tena, akapiga kofi ubavuni mwa kompyuta, akaingoja, akaipiga la pili. Baada ya hapo alikwenda mlangoni, akamwita mumewe, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna msiba.

Jina la Mama Nyuzi alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kipande cha uzi mwilini. Angeweza kuoga, kubadili nguo, kujipulizia manukato, na bado ukamkuta na uzi wa njano kwenye nywele. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kati ya kinyozi na duka la dawa. Humo mlikuwa na rafu za nyuzi zilizopangwa rangi kwa rangi, na ole wako uchanganye bluu ya sare za shule na bluu ya sare za walinzi. Katikati ndipo ilipokuwa mashine yenye vichwa vinne, inayotarizi nembo nne kwa mpigo. Wiki hiyo ilikuwa na kazi ya chuo cha wauguzi: nembo mia moja na sitini za kuvaliwa kwenye mahafali Jumamosi. Zilizokamilika zilikuwa nane.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha jiografia miaka thelathini kabla ya kustaafu, aliinama akanusa nyuma ya kompyuta, akasema kweli, hii imekwenda. Akaenda kumwita Daktari.

Daktari hakuwa daktari wa watu. Alikuwa fundi wa kompyuta, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye kibanda milango mitatu kutoka hapo, na jina lilimpata kwa sababu ya koti jeupe alilovaa ili vumbi la ndani ya kompyuta lisimharibie nguo. Alikuja na bisibisi mfukoni, akaifungua maiti mezani, akaikagua bila haraka. Alisema mwili umekwisha, hauna dawa, lakini ubongo ni mzima. Ubongo ndiyo ile diski ya ndani, ambayo michoro yote ya Mama Nyuzi ilikuwa imehifadhiwa humo: nembo elfu moja na mia nne za shule, makampuni ya ulinzi, vikundi vya kwaya na timu za kila namna. Akauliza kama kuna kompyuta nyingine nyumbani.

Ilikuwepo. Watoto wao walikuwa wamemletea mama yao kompyuta mpya miezi minane iliyopita, na kwa miezi minane hiyo ilikuwa ndani ya boksi lake kwenye pembe ya karakana, ikitumika kama meza ya pasi. Mama Nyuzi hakuwa na ugomvi nayo. Alisema tu kwamba ile ya zamani wanaelewana.

Boksi likafunguliwa. Kompyuta mpya ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa, na ilipowashwa haikutoa hata sauti, jambo ambalo Mama Nyuzi hakulipenda. Ile ya zamani ilikuwa ikiunguruma ukajua iko kazini. Hii, alisema, utajuaje kama haijalala?

Daktari akahamisha kila kitu kutoka kwenye diski ya zamani, akaitafuta programu ya kutarizi, ambayo jina lake lilikuwa Sindano, akaibonyeza. Kikatokea kijidirisha cheupe chenye maandishi machache.

"Inasema nini?" akauliza Mama Nyuzi, aliyekuwa ameacha miwani jikoni.

"Inasema programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Wasiliana na mtengenezaji."

Mama Nyuzi alikunja mikono. "Mtengenezaji hatuwasiliani naye."

Daktari alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama rafu za nyuzi kama vile ndiyo mara ya kwanza anaziona.

Jumatatu yote iliyobaki ilipita katika kuidanganya kompyuta. Daktari alieleza kwamba mifumo ya sasa huwa na njia ya kujifanya ya zamani ili programu kongwe zijisikie nyumbani. Akaiambia hii mpya ijifanye na umri wa miaka kumi; Sindano ikakataa. Akaiambia ijifanye na miaka kumi na tano. Sindano ikafunguka nusu dakika, dirisha lake likiwa dogo kama stempu, rangi zote zimegeuka zambarau, kisha ikajifunga yenyewe. Ilipojifunga iliacha ujumbe: NIMECHOKA KIDOGO. ANZA UPYA, SHEMEJI. Daktari akasema hajawahi kuona kompyuta ikimwita mtu shemeji. Mama Nyuzi akamwambia aendelee na kazi.

Jumanne asubuhi Daktari alikuja na mbinu nyingine. Badala ya kuifanya kompyuta mpya ijifanye nzee, alisema, ataiwekea nyingine ndani yake, nzee kweli kweli, yenye mfumo wa enzi zile, iishi humo kwenye dirisha lake bila kujua kwamba dunia imebadilika. Hiyo ya ndani itaiendesha Sindano, na hii ya nje itatoa umeme na nguvu tu. Mama Nyuzi alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mawili, akaelewa. Kinyozi alipochungulia kuuliza kazi imefika wapi, alimjibu kwamba kompyuta mpya ina mimba ya ile ya zamani.

Habari hiyo ilivuka barabara kabla chai haijapoa. Muuza dawa alikuja kuuliza kama mimba inaendelea vizuri. Mteja aliyeleta kofia zake za kutarizi aliuliza inatarajiwa lini. Mama Nyuzi alijibu wote kwa uso mkavu kwamba daktari yuko kazini na wageni hawaruhusiwi.

Saa nane mchana ikazaliwa, kama tuseme hivyo. Ndani ya kompyuta mpya likafunguka dirisha, na ndani ya dirisha likatokea anga la bluu iliyopauka na vile vitufe vya mraba vilivyovimba kama mandazi, vilevile alivyokuwa amevizoea. Mama Nyuzi alisogeza kiti karibu. Daktari alikuwa ameshapata kijiunganishi cha kuuvisha ule waya mnene, maana kompyuta mpya haikuwa na tundu la kuupokea. Kila kitu kilikuwa tayari. Akabonyeza Sindano.

Safari hii haikulalamika kwamba imechoka. Ilifunguka kwa ukubwa wake, ikaandika kwa herufi kubwa: KOMPYUTA HII SIIJUI. ANDIKA NENO LA SIRI AU MWITE ALIYENITENGENEZA. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Msijisumbue kubahatisha.

Walijisumbua hata hivyo. Walijaribu jina la Mwalimu, la mama mkwe, la mtaa, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu katika ukoo. Saa kumi Daktari alivua koti lake jeupe, akalikunja, akasema kwa upole kwamba yeye amefika mwisho wa uwezo wake, na kwamba pengine sasa angeambiwa huyo mtengenezaji ni nani.

Mtengenezaji alikuwa mdogo wake Mwalimu, shemeji yake Mama Nyuzi. Miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa kijana ambaye ndiyo kwanza amemaliza masomo ya kompyuta na hana kazi, aliishi nao mwaka mzima katika chumba cha nyuma. Mama Nyuzi alikuwa ameinunua mashine ya vichwa vinne kutoka kiwanda kilichofungwa, ikiwa haina programu wala maelezo. Kijana akajifungia na mashine miezi mitatu, akatoka na Sindano. Aliiandika yote kwa Kiswahili, pamoja na utani wake. Ukikosea ilikuambia, JARIBU TENA, HATUNA HARAKA. Uzi ukikatika ilikuuliza kama umekatika au umechoka. Na kila ilipowashwa ilisema: KARIBU SHEMEJI, LEO TUNATARIZI NINI? Walipendana kama ndugu wa tumbo moja, yeye na shemeji yake. Kijana alikula chakula cha Mama Nyuzi akakisifu; Mama Nyuzi alimwita injinia mbele ya watu, naye akaringa.

Kisha ikaja fainali ya mtaa. Shemeji alikuwa golikipa na nahodha wa timu iliyoitwa Pundamilia, na aliomba jina hilo litariziwe kwa rangi nyeupe kifuani mwa fulana kumi na tano nyeusi. Zilitolewa mashineni jioni, zikakunjwa, zikafungwa kwenye mfuko. Kesho yake wachezaji walizivaa kwa haraka nyuma ya goli, mwamuzi akiwa ameshapuliza kuwaita, wakaingia uwanjani wakikimbia, na uwanja mzima ukasoma vifuani mwao: PUNDA.

Hakuna aliyekumbuka vizuri mchezo wenyewe. Kilichokumbukwa ni kwamba watu mia tatu walilia kama punda kwa dakika tisini, na kila golikipa alipoinama kuokota mpira wavuni, walilia zaidi. Aliinama mara sita. Tangu siku hiyo mtaani hakuitwa jina lake tena. Alipokwenda kuposa, mjomba wa binti aliuliza kwa adabu kama huyu ndiye yule Punda.

Nyumbani kuliwaka moto. Shemeji alisema ni mkono wa Mama Nyuzi, aliandika neno nusu kwa kuwa alikuwa akipiga soga. Mama Nyuzi alisema aliandika lote, herufi kumi, na programu ndiyo iliyokula milia ikaacha punda. Shemeji akasema programu yake haili herufi. Mama Nyuzi akasema basi ni yeye aliyekula. Maneno yakazidi, yakafika kwenye sukari, kwenye kodi ya chumba ambayo hakuna aliyewahi kuidai, mpaka kijana akafunga begi lake. Alihamia mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi, akaoa, akazaa, akapata kazi kwenye kampuni ya maji. Mama Nyuzi aliendelea kuitumia Sindano, maana alikuwa na kazi za watu. Aligundua upesi kwamba neno lolote lenye zaidi ya herufi tano linakatwa, akajizoesha kutarizi maneno marefu kwa vipande. Na pale kwenye kioo palipokuwa panaandika KARIBU SHEMEJI, alibandika plasta.

Daktari aliyasikiliza haya yote bila kucheka, ingawa alilazimika kuinamia begi lake mara mbili kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye namba ya huyo bwana.

Mwalimu alikohoa. Alisema inawezekana anayo. Ikabidi akiri kwamba huongea na mdogo wake kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, huko nyuma ya nyumba, anapotoka kwenda kusoma mita ya maji.

"Mwalimu," alisema Mama Nyuzi, "hakuna mtu anayesoma mita ya maji kwa dakika arobaini. Nimejua tangu Jumapili ya kwanza. Mpigie."

Mwalimu akapiga. Aliongea kidogo, akasikiliza sana, akakata simu. Jibu lilikuwa kwamba shemeji yuko tayari kuja, hata kesho, ila anataka kuombwa na mwenye shida mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mama Nyuzi alisema heri atarizi nembo mia moja na hamsini na mbili kwa mkono. Na kweli, Jumatano asubuhi alianza kufanya hivyo. Alichukua kitambaa, akakibana kwenye fremu, akaanza kuchora taa ya nembo ya wauguzi kwa sindano. Mchana wa saa saba alikuwa na taa moja isiyo na mpini, shingo imekakamaa na vidole viwili vimetoboka. Mwalimu alipita mara kadhaa akitembea kwa vidole vya miguu. Hatimaye Mama Nyuzi aliweka fremu chini, akaomba simu.

Iliita mara moja tu. Mtu wa upande wa pili alikuwa ameishika mkononi.

"Shemeji," akasema Mama Nyuzi.

"Naam, shemeji."

"Hujambo huko?"

"Sijambo. Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo. Kompyuta imekufa."

"Nimesikia. Pole."

Mwalimu na Daktari walikuwa wamesimama mlangoni, wamebana pumzi kama watu wanaotazama mpira wa adhabu.

"Nina kazi ya wauguzi," alisema Mama Nyuzi. "Wamesoma miaka mitatu, na mavazi yao yananingoja mimi. Njoo uniandikie hilo neno lako. Nakuomba." Kisha, kabla hajajibiwa, akaongeza, "Na usinitajie kwenye simu. Ukilitaja kwenye simu hutakuja."

Alhamisi saa sita kasoro, shemeji alishuka kwenye basi. Alikuwa amenenepa, kichwa kimeota upara wa duara, na miwani imekaa ncha ya pua. Mama Nyuzi alimpokea mlangoni. Walisalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana hali za watoto, wa huku na wa huko, kila mtoto kwa zamu yake, mpaka watoto wakaisha. Ndipo wakaingia karakana. Shemeji alipoona dirisha lenye anga lililopauka, na ndani yake Sindano yake mwenyewe, alivua miwani akaifuta. Alimuuliza Daktari alifanyaje. Daktari alimweleza, naye akatikisa kichwa na kumwambia, binti, wewe ni fundi. Akaketi. Akawaomba watu wageuke.

Wote watatu wakageukia rafu za nyuzi. Wakasikia vidole vikigonga herufi, kisha kitufe cha mwisho. Kisha vidole tena, polepole zaidi.

"Limekataa," alisema shemeji.

Mwalimu akauliza kama amelisahau. Shemeji akasema haiwezekani alisahau. Ni neno ambalo hata akiamshwa usingizini atalitaja. Aliandika mara ya tatu, akitamka kila herufi kimoyomoyo huku midomo ikicheza. JARIBU TENA, HATUNA HARAKA, ikasema Sindano. Jasho likaanza kumtoka kwenye duara la upara. Alikuwa amesafiri saa tatu, baada ya miaka kumi na tisa, na programu yake mwenyewe inamfukuza mlangoni mbele ya shemeji yake.

Daktari, akiwa bado ameelekea rafu, aliuliza kama anaweza kuuliza swali la kiufundi. Je, neno lenyewe ni refu? Shemeji alijibu kwa shingo upande kwamba lina herufi kumi.

Mama Nyuzi aligeuka. Alimtazama mgongoni, kisha akatazama kioo, kisha mgongoni tena. Mtu angeona jambo likimjia usoni taratibu, kama maji yanayopanda kwenye ndoo.

"Shemeji," alisema, "jaribu punda."

Shemeji hakugeuka. Mikono yake ilibaki juu ya kibodi muda mrefu kiasi kwamba Mwalimu alidhani hakusikia. Kisha akabonyeza vitufe vitano, kimoja kimoja, na kile cha mwisho.

KARIBU SHEMEJI, LEO TUNATARIZI NINI?

Daktari ndiye aliyeeleza hatimaye, kwa kuwa alikuwa peke yake chumbani asiye na sababu ya kunyamaza. Siku ile programu ilipotengenezwa, alisema, mwenyewe aliandika pundamilia kuwa neno la siri, lakini programu ikahifadhi herufi tano za mwanzo tu. Kwa hiyo leo ukiipa neno zima inaona si lenyewe. Haikuwahi kugundulika, kwa sababu haikuwahi kuhamishwa kompyuta hata siku moja.

Shemeji alizungusha kiti. Alionekana kama mtu aliyevuliwa viatu mbele ya wageni. Alisema enzi zile nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo, kila herufi ina gharama yake, na yeye alidhani nembo ni za vifupisho tu, nani atahitaji zaidi ya tano. Kisha akaacha kujitetea.

"Ni mimi," alisema. "Uliandika lote. Mimi ndiye niliyeikata milia. Miaka yote hii nimekuwa nikikusingizia, shemeji. Nisamehe."

Mwalimu alitoa leso. Ilikuwa ndiyo nafasi ya Mama Nyuzi kuinua kidevu, kupokea ushindi wake na kuutunza, na kwa kitambo kidogo alifanya hivyo hasa. Alisimama wima kabisa, uzi mwekundu ukining'inia begani. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa ukikunja na kukunjua pindo la nguo, na Mwalimu, aliyemjua, alirudisha leso mfukoni akangoja.

"Kuna kitu," alisema Mama Nyuzi.

Akauondoa ule uzi begani.

"Fulana nne za kwanza nilipozitoa mashineni, nilizisoma."

Shemeji alimkodolea macho.

"Nilizisoma vizuri tu. Punda. Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Ningeweza kusimamisha."

"Kwa nini hukusimamisha?"

"Nilikuwa nimekuja kuwatazama mazoezini wiki ile, nyinyi wote. Nikasema moyoni, basi, kumbe na kompyuta imewaona wakicheza."

Sauti iliyomtoka Daktari haikuwa ya kitaaluma. Alijaribu kuificha kwa kikohozi, ikamshinda, akatoka nje, na kutoka barabarani ikasikika kinyozi akimuuliza kama mimba imeharibika. Ndani, shemeji alikuwa amefunika uso kwa viganja viwili, mabega yakimtikisika, na Mama Nyuzi alisogea hatua mbili akiogopa kwamba amemliza mtu mzima. Alipoondoa viganja, machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa akicheka, akijaribu kusema jambo na kushindwa. Alipoweza, alisema kwamba walikuwa wabovu. Walikuwa wabovu sana. Beki wao wa kushoto alikuwa akicheza na saa ya mkononi ili asichelewe kwenda kwa mchumba.

"Nilimwona," alisema Mama Nyuzi, naye sasa amekaa chini, anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha wauguzi. "Alikuwa akiitazama hata mpira ukiwa miguuni."

Waliwakumbuka mmoja mmoja, kumi na mmoja wote pamoja na wa akiba, mpaka Mwalimu akawakumbusha kwamba ni saa nane na wauguzi bado wana nembo nane.

Kazi ilianza. Shemeji alikaa kwenye kompyuta, Mama Nyuzi kwenye mashine, Mwalimu akakata nyuzi zilizobaki nyuma ya kila nembo kwa mkasi mdogo, kazi aliyoifanya kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha mtihani. Mkupuo wa kwanza ulitoka umepinda, kwa sababu ya kijiunganishi kilicholegea, Daktari akakikaza kwa mpira wa kufungia noti. Baada ya hapo mashine haikusimama tena ila kwa kubadili bobini ya uzi wa chini. Jioni walikuwa na nembo hamsini na sita. Ijumaa alasiri, ya mia na sitini ilitoka, wakazihesabu mara mbili, Mama Nyuzi akazifunga kwa karatasi na kuzipeleka chuoni mwenyewe. Mkuu wa chuo alizikagua chini ya dirisha, akasema hajaona taa iliyonyooka hivyo, akashona ya kwanza papo hapo kwenye vazi la mwanafunzi aliyekuwa akipita.

Shemeji alikuwa amepanga kurudi Ijumaa hiyohiyo. Hakurudi. Jumamosi alishinda karakana na Daktari, wakijaribu kuifungua Sindano tumboni ili waipanue nafasi ya maneno. Walifanikiwa kuifikisha herufi ishirini, lakini katika kuhangaika huko wakaiharibu salamu, na tangu siku hiyo kila ikiwashwa inasema KARIBU mara tatu mfululizo. Mama Nyuzi alisema iachwe hivyohivyo, si vibaya mtu kukaribishwa sana. Daktari aliondoka na nakala ya Sindano kwenye flashi, kwa ruhusa ya mwenyewe, maana kulikuwa na mshonaji mwingine upande wa sokoni mwenye mashine kama ile na kompyuta iliyoanza kunuka.

Alasiri simu ya shemeji iliita. Alikuwa mkewe, akitaka kujua kama mume amepotea au amehamia. Shemeji alianza kueleza, akajikanyaga, na Mama Nyuzi akanyoosha mkono akaichukua simu. Hawakuwahi kuonana, wala kusikia sauti za kila mmoja. Harusi ilifanyika katikati ya ugomvi, naye hakwenda. Mwalimu na mdogo wake waliketi wakimtazama akitoka na simu kwenda nyuma ya nyumba, karibu na mita ya maji, akatembea huku na huko akiongea, akisimama, akicheka peke yake, akiinama kuondoa uzi kwenye kiatu. Alikaa huko zaidi ya dakika arobaini.

Aliporudi alimkabidhi shemeji simu yake na kuwaambia kwamba likizo ijayo wanakuja wote, mama na watoto watatu, kwa wiki mbili. Ndugu wawili wakatazamana. Mwalimu akauliza ni wazo la nani.

"Lake," alisema Mama Nyuzi. "Anasema mwanamke ambaye shemeji amemwogopa miaka kumi na tisa lazima amwone kwa macho yake." Alikuwa tayari ameshika ufagio. "Inukeni basi, mnitolee yale maboksi kwenye chumba cha nyuma, nione kama vitanda vitatu vinaenea."